Mbwa anatikisa kichwa tangu jana, tulipita kwenye nyasi kavu

MamaBosi, Sacramento
Habari zenu wapendwa. Jana jioni nilimtembeza Bosi kando ya American River. Ni cocker spaniel, masikio marefu yenye manyoya, na nyasi za kule zimeshakauka zote. Tangu turudi anatikisa kichwa, amekiinamisha kulia, nikimgusa sikio analia. Kwa nje sioni kitu. Nimtie matone ya masikio yaliyobaki, au nisubiri?

Mfugaji_Davis
Pole dada. Usimtie chochote, wala pamba usiingize. Hizo ni dalili za mbegu ya foxtail, nyasi ya jamii ya shayiri iliyojaa hapa California. Ikishakauka, masuke yanakatika vipande. Okota kimoja ukipapase: kutoka kwenye ncha kali kwenda mikiani kinateleza, ukirudisha vidole kinakwaruza. Vimiba vyake vimeelekea nyuma kama chembe cha mshale, basi kila Bosi anapotikisa kichwa mbegu inazidi kuzama. Inaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Daktari atamlaza kwa dawa, achungulie, aitoe kwa koleo jembamba. Mpeleke leo leo.

Wangu ilimwingia kati ya vidole vya mguu. Alilamba mguu kutwa, kikatokea kivimbe chenye tundu linalochuruzika majimaji. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa sababu mbegu ya nyasi haionekani humo. Daktari alipopasua aliikuta imeshapanda karibu na kifundo! Sasa manyoya ya vidoleni nayakata mafupi kabla joto halijaanza, na kila tukirudi namlaza chali nampekua: vidole, makwapa, chini ya mkia, hata ufizi.

Juma_Reno
Na pua pia. Akianza kupiga chafya mfululizo ghafla, au damu ikitoka tundu moja, msingoje. Paka wangu iliingia chini ya kope, akawa anafumba jicho moja tu.

MamaBosi, Sacramento
Asanteni sana. Daktari atatupokea saa tisa. Uani kwangu zimeota kando ya uzio, nizifyeke?

Mfugaji_Davis
Zilizo mbichi ng'oa na mizizi kabla hazijatoa suke. Zilizokauka usizifyeke ukaziacha chini, utazitawanya mbegu ua mzima. Zing'oe taratibu, tia mfukoni, funga, tupa. Bosi abaki ndani mpaka umalize kufagia.