Mchumba kaniletea mkataba wa mali tusaini kabla ya ndoa. Naombeni ushauri wakuu

fundi_baridi
Habari za leo wakuu. Nina miaka 33, fundi friji hapa Arusha, nina kibanda changu cha kazi. Mchumba wangu ni muuguzi. Mahari nilimaliza Disemba mwaka jana, yote kwa mkupuo, mpaka blanketi la mama na mbuzi wa wajomba. Ndoa ni Novemba na ukumbi tumeshalipia nusu.

Jumapili kaja na karatasi sita kutoka kwa wakili. Mkataba wa mali kabla ya ndoa. Nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu baba yake Usa River, yeye na wadogo zake, ibaki yao. Kibanda changu kibaki changu. Tutakachochuma pamoja kiwe chetu sawa kwa sawa. Tumepanga kuhamia hiyo nyumba na mimi niongeze vyumba viwili kwa nyuma.

Nimesoma mara nne, usingizi sina. Mwanamke anayekupenda anaanzaje kupiga hesabu za kuachana hata keki haijakatwa? Nisaini au nisisaini?

Mzee_wa_Sanawari
Kijana, sisi tulioana 1991 na godoro moja la nne kwa sita. Hakuna aliyeuliza godoro la nani. Leo tuna wajukuu watano. Ndoa ni kiapo mbele ya Mungu, ukishaweka wakili katikati umeshaweka mlango wa kutokea. Usisaini.

mama_wawili
Mzee shikamoo, ila mimi nitasema yangu. Nilipoolewa nilikuwa na cherehani mbili, nimezinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule miaka mitatu. Mume wangu alipofariki, siku ya kuanua tanga tu mashemeji wakaja na pikapu. Cherehani zikapanda gari pamoja na makochi. Nikasema hizi zangu, nimekuja nazo. Wakaniuliza karatasi iko wapi? Sikuwa nayo. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha mteja mkononi, kina pini bado, naangalia gari linageuza.

Huyo dada kafiwa na baba, anajua watu wanavyobadilika. Anawalinda wadogo zake. Saini baba.

Chalii_wa_Ngarenaro
Mwalikeni wakili kwenye sherehe na yeye apewe kipande cha keki, mambo yaishe.

wino_mweusi
Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, sijawa wakili, lakini haya yanapita mezani kwangu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, isipokuwa wenyewe wawili mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mkataba wa namna hii sheria yetu inautambua, haujaletwa na tamthilia. Msipokuwa nao na mambo yakaharibika, mahakama inagawa chini ya kifungu cha 114: inaangalia nani alichangia nini, kwa fedha, mali au kazi. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Sasa angalia hapa, fundi. Mali ya mtu ya kabla ya ndoa, ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja, inaweza kuingia kwenye mgawo. Unataka kujenga vyumba viwili juu ya urithi wa watoto wa watu. Bila maandishi, kesho wewe utabishana kuhusu tofali zako na wao kuhusu kiwanja cha baba yao. Mwambie wakili aongeze kipengele: utakachoweka kwenye ujenzi kiandikwe kwa risiti, na mkiachana urudishiwe thamani yake. Mkataba huo unakulinda na wewe.

Kisha uwe na wakili wako, asikusimamie wa mchumba. Msisaini wiki ya harusi huku wageni wameshafika, maana kesho mmoja atasema alilazimishwa. Kila mmoja aambatanishe orodha ya alichonacho, mashahidi wawepo. Na matunzo ya watoto msijaribu kuyafuta humo, hayafutiki.

Lakini bado hujasema kinachokunyima usingizi. Kibanda kinabaki chako, cha pamoja mnagawana sawa. Umekwama kipengele gani?

jirani_wa_Thika
Huku Kenya tumeandikiwa wazi kabisa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, kifungu cha 6, inaruhusu wachumba kuweka makubaliano kabla ya ndoa, na korti inaweza kuyatupa ikiwa kulikuwa na ulaghai, kulazimishwa, au yakiwa na dhuluma ya wazi. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe mchango wake. Dadangu alitumia miaka sita kortini kuthibitisha kwamba ng'ombe ni wake. Andikeni mapema.

fundi_baridi
Asanteni. Wino, hakuna kipengele. Ni heshima tu. Nitawaambia nini wazee wangu?

Bi_Kanga
Sisi Waislamu mali ya mke ni ya mke, mume hana fungu ndani yake, na masharti mnaweza kuyaweka wakati wa kufunga ndoa. Sijawahi kuona mtu akosa usingizi kwa hilo. Mwanangu, sema kweli.

wino_mweusi
Karatasi sita. Makubaliano huwa mbili au tatu. Zinazobaki ni orodha. Orodha yako umejaza nini?

fundi_baridi
Sawa. Karatasi ya tano ina mistari ya mali na chini yake mistari ya madeni. Mali nimejaza. Kwenye madeni nimeandika "hakuna" na wakili nimeshamwambia hivyo kwa simu.

Nina mkopo wa saccos. 8,400,000, marejesho 412,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Nimebakiza 19.

Msianze kunihukumu. Deni ni langu, nitalilipa kwa mikono yangu, yeye halimhusu. Kuna haja gani ya kumpa mtu presha miezi miwili kabla ya harusi?

mama_wawili
Mkopo wa nini?

Mzee_wa_Sanawari
Jibu, kijana.

fundi_baridi
Mahari. Na sherehe ya kuvisha pete.

Mama yake alisimama mbele ya ukoo wote akasema huyu kijana hakutuachia deni hata la soda. Mchumba wangu alilia siku ile kwa furaha. Sasa niandike kwa kalamu kwamba zile hela hazikuwa zangu?

wino_mweusi
Pole sana, na nakuelewa. Lakini hapo ndipo mkataba unapooza. Makubaliano yanataka ridhaa huru, na aliyesaini baada ya kufichwa jambo kubwa ana haki ya kuupinga. Ukiandika "hakuna" umeharibu hata sehemu inayokulinda wewe. Ukiliandika, mnaweza kuweka sentensi moja kwamba deni la kabla ya ndoa linabaki la aliyelikopa. Vinginevyo kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, na hilo la mahari lina mabishano ya kutosha mwaka mzima.

kalamu_ya_hesabu
Ngojeni. Disemba alimaliza mahari, mkopo uwe umeanza Januari. Leo ni mwisho wa Septemba, marejesho tisa. Yeye kalipa matano. Hii ni chai. Mtu anatunga huku nyie mnamwaga vifungu vya sheria. Weka picha ya kitabu cha saccos hapa.

Chalii_wa_Ngarenaro
Dah, kweli hesabu haikai. Na mimi nimesoma mpaka huku chini.

Bi_Kanga
Chai ina sukari kidogo, hii mbona chungu. Mwacheni ajibu.

fundi_baridi
Picha siweki, kitabu kina majina ya watu.

Hesabu yako iko sawa. Aprili mpaka Julai sikupeleka. Mvua zilinyesha, nani analeta friji wakati wa baridi ya Arusha? Kuna siku nilifungua kibanda nikashinda nasugua kopo la gesi lililokwisha. Saccos wakaandikia wadhamini barua mara mbili. Akiba za mdhamini mmoja zimekatwa miezi miwili.

Huyo mdhamini ni kaka yake mchumba wangu. Ndiye aliyetukutanisha. Hajaniambia neno mpaka leo, tunasalimiana kama kawaida.

kalamu_ya_hesabu
Naomba radhi mkuu. Neno la chai nimelifuta moyoni.

Mzee_wa_Sanawari
Nilisema usisaini. Narudisha kauli. Nenda kwanza kwa shemeji yako, kabla ya wakili, kabla ya mchungaji. Na usiende mikono mitupu, beba hata rejesho moja.

mama_wawili
Fundi, unadhani kaka mtu akatwe akiba miezi miwili asimwambie dada yake? Sisi wanawake tunaongea jikoni. Halafu Jumapili dada anakuja na karatasi yenye mistari ya madeni. Kaiacha wazi, akakupa kalamu. Hakukuuliza kitu.

fundi_baridi
Sikuliangalia hivyo.

Bi_Kanga
Amekupa siku ngapi za kujaza?

fundi_baridi
Alisema sina haraka, chukua muda wako. Alirudia mara mbili.

wino_mweusi
Mpigie wakili leo, mwambie orodha ya kwanza uliikosea, unaleta nyingine. Ni jambo la dakika tatu.

fundi_baridi
Nimempigia. Kasema nilete.

Mchumba yuko zamu ya usiku, anatoka saa moja asubuhi. Kwa kaka yake napita saa kumi na mbili kabla hajaenda kazini, nina 412,000 ya kuanzia. Halafu nasimama getini hospitali. Karatasi ya tano nimeiandika upya, nimeweka kiasi, kazi ya mkopo na ile miezi minne. Mwandiko mbaya kidogo.