Mrejesho: lile deni la zamani lililouzwa kwa wakala

Wakuu, nimerudi. Kwa waliopitwa: niliuliza kama wakala wa kukusanya madeni anaweza kunidai mkopo wa zamani anaosema ameununua kwa mkopeshaji, huku akinitishia jela na kuwasumbua ndugu zangu kwa simu.

Nilimwandikia barua: nitumie mkataba wenye saini yangu, mchanganuo wa deni na hati ya kuhamishiwa deni. Vitisho vikakatika ghafla. Mchanganuo ulipokuja, kulikuwa na mstari wa "gharama za ufuatiliaji" ambao haumo popote kwenye mkataba, na malipo niliyo na risiti zake hayakuhesabiwa. Nikaambatanisha risiti, wakapunguza.

Yule aliyenionya nisitume hata hela kidogo ya "kuonyesha nia njema" kabla ya kuangalia ukomo wa madai (muda wa kisheria ambao ukipita deni halidaiwi tena mahakamani), ubarikiwe. Katika nchi nyingi malipo ya namna hiyo huanzisha upya hesabu ya muda. Deni langu bado lilikuwa ndani ya muda, basi nalipa kwa awamu, makubaliano yakiwa kwa maandishi.

Kuhusu jela, mwanasheria alicheka tu: wakala hana mamlaka ya kumfunga mtu. Sasa nasubiri wasahihishe taarifa zangu za mikopo, na hapo ndipo wanapojikokota.