Gazeti limebandika kisanduku juu ya Arua, JUU YA ARUA!!

MwanaKoboko:
Jamani nimetoka kununua gazeti sasa hivi hapa steji, chai haijapoa lakini hamu ya kuinywa imeisha. Silitaji, mnalijua, lile lile linalojifanya kuipenda Uganda yote kuanzia Entebbe mpaka Mukono. Leo wana ukurasa mzima eti Uganda ilivyopata mipaka yake, katikati ramani kubwa ya rangi. Nikasema ngoja nione kwetu. Natafuta Arua, hamna. Natafuta Koboko, Yumbe, Moyo, hamna. Mahali pa West Nile, kona yetu ya kaskazini-magharibi, wamebandika kisanduku cha kueleza rangi, yaani kijani ni msitu, buluu ni maji, na mama yangu mzazi yuko chini ya kisanduku!!

Halafu mistari miwili tu, eti sisi ni eneo "lililoongezwa baadaye". Baadaye lini? 1914! Uganda yenyewe Mwingereza aliitangaza himaya yake 1894, kwa hiyo mmetutangulia miaka 20 tu na bado tunaonekana kama mgeni aliyezamia harusi. Uhuru wa 1962 umetukuta tumo ndani, tumeketi, viatu tumevua. Tena hatukuomba! 1894 hiyo hiyo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishiwa sisi na Mwingereza kama shamba la muhogo, akafa 1909, mwaka uliofuata tukarudishwa Sudan, minne mingine tukaletwa huku, babu yangu hakuulizwa hata siku moja. Asali yetu ikivuka daraja la Pakwach hakuna anayesema imeongezwa baadaye, mnalamba tu vidole. Lakini kisanduku! Si wangekiweka ndani ya Ziwa Victoria, ziwa lote lile liko wazi, samaki hawasomi gazeti.

BodaWaWandegeya:
Pole mzee. Ila kumbe bado kuna mtu ananunua gazeti? Mimi nalionaga roleksi, ile chapati ya mayai, ikiwa imefungwa ndani yake. Jana nimekula nusu ya ukurasa wa michezo.

MwanaKoboko:
Usinichekeshe nina hasira. KISANDUKU kaka. Juu ya mama.

MunyoroHalisi:
Unalilia kisanduku? Sisi Wanyoro tulinyang'anywa kaunti nzima nzima enzi za mfalme wetu Kabalega, Mwingereza akawapa Buganda. Buyaga na Bugangaizi mpaka kura ya 1964 ndo zikarudi. Panga foleni.

MjukuuWaMengo:
Tumeanza. Kila uzi lazima Buganda iingizwe, hata ungekuwa wa bei ya sukari. Kama ni foleni ya machungu basi sisi tuko mbele, Lubiri, ikulu ya Kabaka wetu, ilipigwa na jeshi 1966 na hakuna aliyetuletea hata kisanduku cha maelezo.

Otis_Kisumu:
Wasee hamjambo. Sisi wa Kisumu tulikuwa Uganda hadi 1902. Reli ikaitwa ya Uganda, ikafika kwetu 1901 tukiwa bado Uganda, kabla moshi haujaisha tukahamishiwa nchi nyingine, Kenya ya leo, tukiwa tumelala. Mbona hakuna gazeti lenu linalotulilia?

MunyoroHalisi:
Rudini basi, lakini mje na samaki.

Otis_Kisumu:
Samaki gani bana, ziwa tumeachiwa asilimia 6! Mengine yote nyinyi na Watanzania.

MjukuuWaMengo:
Asilimia 6 na kelele zote zile?

MwanaKoboko:
Jamani tunaongelea ramani. Wameandika "lililoongezwa baadaye" kama chumvi. Nimepima na rula, kile kisanduku kinafika mpaka Nebbi!

BodaWaWandegeya:
Mzee amepima na rula 😂😂 banange mpeni maji ya baridi huyu.

MamaAru:
Wanangu, mimi niko hapa Aru, ng'ambo tu ya mpaka, Kongo. 2022 tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki magazeti yenu yaliandika soko, soko, soko. Soko la mamilioni. Nikasema mbona hawaandiki watu, au sisi tumeingia tukiwa kwenye magunia?

MjukuuWaMengo:
Shikamoo mama. Kwani hamna soko?

MamaAru:
Marahaba. Soko lipo, mimi mwenyewe nauza vitenge.

BodaWaWandegeya:
Mama, vitenge bei gani sasa hivi? Mke wangu ana sherehe mwisho wa mwezi.

MwanaKoboko:
Na ramani yangu je??

MamaAru:
Inategemea, baba. Unataka yadi sita au vipande?

BodaWaWandegeya:
Sita. Visivyochuja rangi lakini.

Otis_Kisumu:
Na mimi niwekee viwili mama.