Tupeane uzoefu: siku picha yako ilipokosolewa kwenye grupu, au wewe ulipomkosoa mwenzio

Mzee wa Kivuli (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Leo nimekumbuka mbali. Kuna dogo kwenye grupu letu la wapiga picha tunaojifunza kaleta picha ya soko la samaki la Feri alfajiri, wavuvi wanashusha ndoo za samaki, na ndani ya dakika kumi kapata "moto sana mkuu" 14. Nimezihesabu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba bahari imelala upande wa kushoto na fokasi imeshika kamba ya mbele badala ya uso wa yule mzee. Na mimi niliweka dole gumba nikapita. Roho imenisuta ndio maana nimefungua huu uzi.

Nilianza 2016 na Canon 1300D na ile lenzi yake ya 18-55. Miezi sita nasifiwa tu, nikaamini nimeiva. Nikapiga harusi ya binamu Temeke, ukumbi taa hafifu, picha zote za bibi harusi anaingia zimetikisika. Nikapeleka grupu, wakasema nzuri. Usiku mzee mmoja, fundi studio tangu enzi za filamu, akanipigia simu, hakutaka kuandika mbele za watu. Akauliza, "Shata yako ilikuwa ngapi mwanangu?" Nikaangalia, 1/15 ya sekunde. Akasema, "Bibi harusi anatembea, wewe umeacha mlango wazi muda wote huo, atakosaje kutikisika? Panda mpaka 1/125, ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga, iende hata 3200, chenga tutavumilia, uso uliotikisika haurudi." Dakika tatu za simu zimenifaa kuliko ile miezi sita yote.

Haya, aliyekosolewa akaumia, aliyekosoa wakagombana, karibuni.

Feri Alfajiri

Hiyo "nzuri sana" imeua vipaji vingi mkuu. Naunga mkono hoja.

Binti wa Ngamiani

Umenitonesha kidonda. Mimi nilimpiga dada yangu, ni mweusi wa kung'aa mashallah, kavaa gauni jeupe kasimama mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana. Picha ikatoka uso umezama. Nikaomba maoni, kaka mmoja akaandika "mweusi mno, hatuoni kitu" na vicheko vitatu chini yake. Sikujua anasema picha au anamsema dada yangu, na dada alikuwa amekaa pembeni yangu anasoma. Nilikaa mwezi mzima sijagusa kamera.

Hakuna aliyenieleza kwamba kamera yenyewe ndiyo inayodanganyika. Inapopima mwanga inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, ikiona weupe mwingi inabana mwanga, sasa gauni na ukuta vinapona, uso ndio unaolipa. Nilikuja kuelekezwa na dada mwingine kabisa, akasema sogeza ile alama ya jumlisha na toa iende +1, au pima mwanga usoni tu, na mtoe juani mpeleke chini ya mwembe. Nikarudia wiki ileile. Dada akaiweka kwenye profaili mpaka leo. Yule kaka angeweza kuandika hayohayo badala ya vicheko.

Maabara ya Zamani

Nikuongezee hapo dada. Hata enzi za filamu mambo yalikuwa hivyohivyo. Kodak walikuwa wanasambaza kwenye maabara kadi ya kurekebishia rangi, ina picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa kwake mashine imesetiwa, sisi wengine tutajiju. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya ngozi nyeusi usikimbilie kumlaumu mpigaji.

Hamsini Milimita

Tatizo watu wamekuwa laini. Umeleta picha grupu umeileta ichambuliwe, sifa kaombe nyumbani. Robert Capa, yule mpiga picha wa vita, alishasema kama picha zako si nzuri vya kutosha basi hujasogea karibu vya kutosha. Sogeeni, acheni kulialia.

Mwana wa Kibokoni

Huyo Capa alikanyaga bomu la ardhini kule Vietnam 1954, alikuwa ametangulia mbele ya wenzake kutafuta picha. Ukimwambia mtu asogee, mwambie na asogee wapi. Dada wa watu kaambiwa "hatuoni kitu", hapo amefundishwa nini?

Hamsini Milimita

Hujajibu hoja.

Mwana wa Kibokoni

Nimeijibu, irudie kusoma polepole.

Jioni Nairobi

Sisi huku tulikuwa na sheria mbili kwa grupu. Ya kwanza, huweki picha bila kusema ulikuwa unajaribu kufanya nini. Ya pili, ukikosoa lazima useme wewe ungefanya aje. Wengi walitoka mwezi wa kwanza, tukabaki watu tisa. Lakini hao tisa walinoleka vibaya sana, mmoja sasa analipwa kupiga harusi kila wikendi.

Mtu wa Darajani

Na muache kukosoa picha iliyobanwa na WhatsApp jamani. Mtu anatuma kawaida, inafika imepoteza nusu ya uzuri, mnaanza "mbona haina makali". Itumwe kama dokumenti ndipo muongee.

Mgeni Mpya

Samahani wakuu, Nikon D3200 ya mtumba Kariakoo naweza kuipata kwa bei gani?

Feri Alfajiri

Fungua uzi wako kiongozi.

Mtoto wa Kibarazani

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa naandika.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, sitataja wapi. Baba aliijenga tofali kwa tofali akiwa dereva wa malori, chumba kimoja kila safari nzuri. Siku moja tukakuta imewekewa X nyekundu ukutani, wote mnaijua ile X. Wiki ya mwisho kabla ya kubomolewa nilimkalisha baba kibarazani kwenye kiti chake cha plastiki, saa kumi na moja jioni jua limeshuka, kikombe cha chai mkononi, na nyuma ya bega lake la kulia ile X. Sikumwambia atabasamu. Nikaipeleka grupu bila maelezo kwa sababu nilijua nikianza kuandika nitalia.

Haukupita muda mmoja wa wazoefu, mtu ninayemheshimu mpaka leo, akaichukua akaichorea duara jekundu kuzunguka ile X, na mshale, na chini akaandika inavuta jicho, mtazamaji anamsahau mzee, kata. Wengine wakaitikia sahihi kabisa. Mwingine akasema unaifuta hata kwa kidole, simu za siku hizi zinafuta kila kitu. Nikaikata. Nilikatia kwenye simu, nikabonyeza hifadhi, ikakaa juu ya ile ya mwanzo, na kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifomati nikapigia kazi nyingine. Akabaki baba na ukuta msafi, ungedhani nyumba bado ipo.

Mwaka uliofuata tumeshapanga vyumba viwili, baba akaomba picha ya nyumba yake. Nikampelekea hiyo, nimeiprinti vizuri. Akaitazama muda mrefu akauliza, "Alama yao iko wapi?" Nikasema nimeitoa baba, ilikuwa inaharibu picha. Hakunigombeza. Aliilaza mezani kifudifudi akaendelea na chai yake.

Nilihangaika wiki nzima. Kwenye grupu wenzangu walishafuta, simu ile nayo ilikuwa imeshaibiwa. Mwisho nikamfuata yule mzoefu pembeni. Alikuwa nayo, lakini ileile aliyoichorea. Nikakata maneno ya chini, nikaiprinti na duara lake na mshale wake. Baba kuiona tu akaniambia, "Afadhali huyu, ameona." Ipo sebuleni mpaka leo.

Feri Alfajiri

Nimeshindwa cha kuandika. Mpe mzee shikamoo yangu.

Hamsini Milimita

Pole sana dada, inatoka moyoni. Lakini mkosoaji hakukosea, jicho kweli linakimbilia kwenye X.

Mtoto wa Kibarazani

Ndiyo kaka, na mimi nilitaka likimbilie huko.

Hamsini Milimita

Basi ungeandika.

Mwana wa Kibokoni

Na yeye angeuliza! "Vipi hiyo X?" Maneno matatu tu.

Binti wa Ngamiani

Aulize nini? Nani asiyeijua X ukutani?

Mdau Muscat

Mimi siijui. Niko huku miaka 12, nimeijua leo kwenye huu uzi. Ningeletewa picha ile na mimi ningesema kata, na ningelala usingizi mzuri. Sasa hivi ninapitia picha nilizowahi kuwaambia watu wakate vitu, na sikumuuliza hata mmoja.

Fundi Kompyuta

Dada, kadi ukiifomati kawaida picha haziondoki papo hapo mpaka uandike kitu kingine juu yake. Ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec, jaribu.

Maabara ya Zamani

Kasema ameshapigia kazi nyingine.

Fundi Kompyuta

Ajaribu tu, huenda kuna kipande hakijaguswa. Na siku nyingine piga RAW, lile faili ghafi la kamera, zile programu za kuediti RAW zinaacha faili la mwanzo kama lilivyo.

Jioni Nairobi

Mimi naona picha ya mzazi usipeleke kwa grupu kabisa.

Mtu wa Darajani

Ipeleke, ila ilaze siku mbili kwanza. Na usikate chochote usiku uleule ulioambiwa ukate.

Binti wa Ngamiani

Mimi naendelea kupeleka. Ila nikiona vicheko nafuta.

Hamsini Milimita

Dada wa Kibarazani, kama mzee atapenda, kazi ya kusafisha picha naiweza. Naweza kutoa duara na mshale nikaacha X peke yake. Bure.

Mtoto wa Kibarazani

Asante kaka. Nimemuuliza sasa hivi. Amekataa, anasema iache.

Mzee wa Kivuli

Nimerudi. Nimempigia yule dogo wa Feri. Kabla sijasema lolote nimemuuliza alikuwa anataka tuone nini. Kasema kamba. Anasema pale watu wanapokezana usiku kucha ila kamba ni ileile, ndio maana aliilenga yenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia fokasi kaikosea. Bahari kulala hakuwa ameiona, nimemwonyesha, kashtuka. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunakutana naye Feri, anayeweza kuja aje.