Treni imekwama mbele ya Karakata, Dar
Kikundi: Ukoo wa Mzee Selemani

[18:24] Zuhura: Assalam aleikum nyote. Treni imesimama. Karakata tumeshaipita, Gongo la Mboto hatujafika. Tumesikia mlio wa pssss chini ya behewa letu, mara ikakamata ghafla mpaka waliosimama wakaangukiana. Nasra, Rehema akiuliza mwambie mama yuko njiani.

[18:25] Nasra: Waaleikum salaam dada, pole. Rehema yuko hapa anachora, hajaanza kuuliza.

[18:26] Mama: Umeumia mwanangu?

[18:26] Zuhura: Kiwiko tu mama, nimejigonga kwenye chuma cha kiti.

[18:29] Babu: Mlio ulitangulia au treni ilisimama kwanza?

[18:30] Zuhura: Shikamoo babu. Mlio ulitangulia.

[18:33] Babu: Marahaba. Basi ni mpira wa breki umepasuka, ule unaounganisha behewa na behewa. Treni si kama gari. Kwenye treni upepo ndio unaoziachia breki. Ukivuja, zinakamata zenyewe mabehewa yote, isije ikateremka ovyo. Kwa hiyo usiogope, hapo haiendi popote. Utamwona gadi anapita chini na tochi kutafuta palipopasuka.

[18:34] Zuhura: Ndiyo huyo kapita sasa hivi!

[18:36] Idrisa: Dada shuka utembee mpaka barabarani, nakufuata na pikipiki. Ukifika nitajie ulipo.

[18:37] Zuhura: Vijana wengi wanaruka. Na mimi nilishavua viatu.

[18:37] Babu: ZUHURA USISHUKE

[18:41] Babu: Nisikilizeni. Nimetengeneza breki za mabehewa miaka 31. Watu niliowaona wameumia siku treni ikiharibika, wengi hawakuumia ndani. Waliumia wakiruka kwenye kokoto gizani au wakifuata reli kwa miguu. Hiyo njia ni moja. Kichwa cha treni cha msaada kikija kitapita hapohapo unapotaka kutembea. Na ukikatiza upande wa pili kuna njia ya SGR, ile ya treni ya umeme, nyaya zake zina volti 25,000. Kaa ndani mjukuu wangu.

[18:42] Zuhura: Sawa babu. Nimekaa.

[18:44] Shangazi Mwajuma: Si waiazime hiyo ya umeme iwavute? Ipo hapo pembeni.

[18:47] Babu: Haiwezekani Mwajuma. Reli ya SGR upana wake ni milimita 1,435. Hiyo waliyopo ni mita moja kamili, tangu Wajerumani walipoanza kuijenga hapo Dar mwaka 1905. Magurudumu hayaingiliani. Lazima kitoke kichwa cha njia hiyohiyo.

[19:08] Mama: Zuhura? Mbona kimya?

[19:10] Zuhura: Nipo mama, nabana chaji, imebaki 14. Taa zimezimika, watu wanawasha tochi za simu kwa zamu. Gadi amepita anasema mpira wamebadilisha, ila kichwa hakijazi upepo, wanasubiri kingine. Angalau huyu amekuja kutuambia. Saa nzima nyuma hakuna aliyetuambia chochote, watu walianza kugombana bure.

[19:11] Babu: Huyo gadi anaijua kazi yake.

[19:15] Nasra: Rehema ameuliza. Nimempa wali na maharage, amekula, anasema anakusubiri mlangoni. Nimemwekea mkeka hapohapo mlangoni.

[19:16] Zuhura: Mungu akulipe mdogo wangu.

[19:22] Zuhura: Kando yangu kuna mama mmoja mtu mzima, miguu imemvimba, ndiye kanifanya nisijute kubaki. Asingeweza kuruka na asingebaki na mtu. Ana ndoo mbili za samaki, vibua, kutoka soko la Feri. Jioni huwa anakaanga na kuuza pale kituoni Gongo la Mboto. Barafu imeyeyuka yote, maji yanatiririka mpaka chini ya viti. Kila dakika anafunua mfuniko, anambonyeza samaki mmoja tumboni kwa kidole, anafunika. Hasemi kitu.

[19:24] Mama: Ya Rabi. Huo ndio mtaji wake wa kesho.

[19:25] Shangazi Mwajuma: Wangapi?

[19:27] Zuhura: Anasema sitini na kitu.

[19:29] Shangazi Mwajuma: Mwambie asiwaze. Mimi nachukua ishirini. Wifi?

[19:30] Mama: Kumi na tano. Nawapelekea na majirani wa nyuma.

[19:31] Nasra: Mimi sita. Niwashe jiko kabisa?

[19:31] Idrisa: Waliobaki nawapeleka kijiweni, wenzangu hawajala. Zuhura muulize bei yake ya kawaida, tusimpunje.

[19:36] Zuhura: Nimemwambia. Amenishika mkono hajauachia mpaka sasa, naandika kwa kidole kimoja. Anasema alikuwa anahesabu ada ya mjukuu.

[20:02] Zuhura: Taa kubwa inakuja kwa nyuma!! Kichwa!

[20:03] Babu: Shikeni vyuma. Kikiunga kitagonga kidogo. Kisha wasubiri upepo ujae mpaka behewa la mwisho, hapo ndipo breki zitaachia. Mtasikia.

[20:16] Zuhura: Zimeachia. Tunatembea taratibu sana. Watu wanapiga makofi.

[20:17] Mama: Alhamdulillah.

[20:18] Idrisa: Niko kituoni na bajaji ya Saidi kwa ajili ya ndoo.

[20:39] Nasra: Wamefika. Simu ya Zuhura imezima. Rehema amelala kwenye mkeka, mama yake anambeba. Yule mama tumemkalisha, miguu ipo kwenye maji ya chumvi, naye anamwelekeza Idrisa namna ya kuparua samaki. Samaki ni wazima, nimewanusa mmoja mmoja. Limau hatuna.

[20:40] Shangazi Mwajuma: Nakuja nazo.