Tupeane uzoefu: vipimo vinavyokosewa tunapouguza watoto

Mwanzisha mada
Wakuu, magonjwa ni yaleyale: kuhara, homa, kikohozi, surua, masikio. Dawa zake wengi tunazijua. Kinachoharibu kazi ni kipimo. Kila mmoja aweke kipimo anachoona kinakosewa sana, namna ya kukipata na madhara yake kikikosewa. Visa vya "wangu alipougua" tuviweke kando.

Naanza na ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayehara. Pakiti ya kawaida ya gramu 20.5 huingia yote kwenye lita 1 ya maji safi. Zipo ndogo za nusu lita na za mililita 200, kwa hiyo soma pakiti kabla hujashika jagi. Kosa linaloongoza ni kumimina nusu pakiti kwenye kikombe, eti mtoto hamalizi lita nzima. Unga uliogawanywa kwa macho haukuambii chumvi kiasi gani imeingia. Ikizidi, maji yanavutwa kwenda tumboni, kuhara kunaongezeka na sodiamu ya damu inapanda. Ikipungua, unampa mtoto maji matupu. Changanya lita nzima, mtoto anywe anachoweza, kinachobaki baada ya saa 24 mwaga. Sukari ya nyongeza au soda ndani ya ORS ni marufuku.

Baada ya kila choo cha maji: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100, miaka 2 na zaidi, 100 hadi 200.

NesiWaZamu
Naongezea kwa anayetapika, maana hapo ndipo watu hukata tamaa na kudai dripu. Mtoto akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko cha chai. Kijiko cha mililita 5 kila dakika 2 ni mililita 150 kwa saa. Sasa chukua mtoto wa kilo 8 aliyepungukiwa maji lakini hajazidiwa: anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, yaani 600, ambazo ni 150 kwa saa. Kijiko kinatosha! Kinachotapisha ni ile haraka ya kumpa kikombe kizima kwa sababu ana kiu.

Kope zikianza kuvimba, umezidisha. Simamisha ORS, mpe maziwa ya mama au maji ya kawaida mpaka uvimbe upungue. Saa 4 zikiisha mpime upya. Usiendelee kwa mazoea.

Zinki: miezi 6 na zaidi, miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo, 10, yaani nusu kidonge. Siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya 3 choo kikishakuwa kigumu, kumbe siku zinazobaki ndizo zinazompunguzia uwezekano wa kuhara tena miezi 2 au 3 inayofuata.

Mfamasia
Langu ni parasetamoli ya maji. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Tukibaki na mtoto huyohuyo wa kilo 8: kiwango cha juu ni miligramu 120. Kwenye chupa ya 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 5. Kwenye chupa ya 250 kwa mililita 5, mililita 5 hizohizo ni zaidi ya dozi mbili. Na matone ya watoto wachanga, yale ya miligramu 100 kwa kila mililita 1, yakipimwa kwa kijiko cha mililita 5 yanakuwa miligramu 500. Ini la mtoto halivumilii hayo yakirudiwa siku mbili tatu. Kumwambia mzazi "mpe kijiko kimoja" bila kutazama lebo ni kubahatisha.

Vijiko vya nyumbani havilingani; cha kula hubeba mara 3 ya cha chai. Toa sirinji isiyo na sindano, weka alama ya kalamu pale dawa inapoishia, mwambie mzazi avute mbele yako. Uliza pia kama kuna dawa ya mafua inayotumika, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani.

Mgeni
Na kumkanda kwa maji ya baridi sana homa ikipanda?

NesiWaZamu
Hapana. Maji ya baridi yanamfanya atetemeke, na kutetemeka kunazalisha joto. Mvue nguo nzito, mpe vya kunywa, mpe parasetamoli ili apate nafuu. Lakini tusidanganyane kwamba parasetamoli inazuia degedege la homa, haizuii. Likija, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hata kijiko, na tazama saa. Likifika dakika 5 bado linaendelea, ni dharura. Aspirini kwa homa ya mtoto usiguse kabisa.

Hesabu60
Kupumua. Kama kuna jambo moja la kufundisha wanafunzi wa uuguzi mpaka walikariri, ni hili. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi 4, na pumzi 4 zinatosha kumhamisha mtoto kutoka "mafua" kwenda "nimonia" au kinyume chake. Isitoshe, kichanga hapumui kwa mpangilio. Anaharakisha, anatulia kidogo, anaendelea.

Mipaka: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka (rudia kuhesabu kabla ya kuamua), miezi 2 mpaka 11, 50, mwaka 1 mpaka chini ya 5, 40. Pandisha nguo, tazama tumbo au kifua, asiwe analia wala ananyonya. Usianze na kipimajoto wala kumfungua mdomo, maana akishalia umepoteza robo saa.

Kisha kifua kubonyea. Tazama mbavu za chini wakati anavuta hewa ndani: zinaingia badala ya kutoka. Iwe kila pumzi. Akiwa amejikunja kiunoni utadanganyika, mnyooshe kwanza.

Mfamasia
Surua: vitamini A dozi 2, leo na kesho. Chini ya miezi 6, yuniti 50,000. Miezi 6 hadi 11, 100,000. Mwaka na kuendelea, 200,000. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa hiyo ipangie mtu na saa. Macho yakiwa na dalili za upungufu wa vitamini A, kuna dozi ya tatu wiki kadhaa baadaye.

Mgeni
Sikio linalotoa usaha?

Hesabu60
Sokota kitambaa safi kinachonyonya maji, ingiza taratibu, kikilowa badilisha, mpaka kitoke kikavu. Mara 3 kwa siku. Mafuta hapana. Kama ameandikiwa matone, yaingie baada ya kukausha. Yakitangulia yanaelea juu ya usaha.

Mwanzisha mada
Swali limeulizwa inboksi: mtoto ametapika dawa, arudiwe? Ndani ya dakika 30 tangu ameze, rudia dozi nzima mara moja. Baada ya hapo subiri zamu inayofuata. Akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, acha kijiko, mpeleke hospitali. Na aliye chini ya miezi 2 mwenye homa haangaliwi nyumbani, hata akionekana mchangamfu.