"Late" ya aliyechelewa na "late" ya marehemu: tunazitofautishaje?

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Kamusi ninayoitumia inaweka maana za kivumishi cha Kiingereza "late" katika mstari mmoja: "-a kuchelewa", "marehemu", "-a mwishomwisho". Haielezi, hata hivyo, msomaji atajuaje ni ipi inayokusudiwa anapokutana na "the late chairman" katika aya moja na "the chairman was late" katika aya inayofuata. Je, ipo kanuni, au tunabaki kukisia kutokana na muktadha?

Jibu la kwanza:
Kanuni ipo, nayo inahusu mahali kivumishi kinapokaa. Kikitangulia nomino inayomtaja mtu, hasa pakiwa na "the" au kimilikishi kama "my", kwa kawaida maana yake ni marehemu, kwa hiyo "my late husband" ni marehemu mume wangu. Kikija baada ya kitenzi "to be", maana yake ni kuchelewa, na mume wa "my husband is late" yu hai, ila hajafika. Nomino ikiwa ni ya kitu au tukio, kama vile "a late train" au "late payment", kifo hakimo kabisa. Tahadhari moja tu: katika Kiingereza cha Botswana na cha baadhi ya nchi jirani, watu husema "he is late" wakimaanisha kwamba amefariki, jambo ambalo Mwingereza anaweza kulielewa vibaya.

Jibu la pili:
Naafiki, lakini hata hiyo "late" ya marehemu ina mipaka. Hutumika kwa mtu ambaye kifo chake bado kiko katika kumbukumbu za walio hai. Kusema "the late Shakespeare", wakati alifariki mwaka 1616, ni kuchekesha. Aidha, katika maandishi ya zamani "the late minister" aweza kuwa waziri aliyeondoka madarakani akiwa mzima wa afya, maana ambayo leo hubebwa na "former". Anayefasiri nyaraka za karne ya 18 asikimbilie kumzika mtu.

Jibu la tatu:
Msisahau maana ya wakati, ambayo kwangu ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi zaidi. "In the late 1980s" ni mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanamke aliye "in her late thirties" anakaribia miaka 40, hakuna alichochelewa. Kielezi chake pia ni "late" ileile: "he arrived late". "Lately" ni neno jingine lenye maana ya siku hizi za karibuni.

Muulizaji:
Nashukuru sana, ndugu zangu. Basi "her latest book" na "her last book" ni kitu kimoja?

Jibu la pili:
Sivyo, ingawa asili yao ni moja, kwani "last" ilitokana na umbo la kale la "late" lenye maana ya kupita vyote kwa kuchelewa. "Latest" ni kitabu kipya kuliko vyote alivyokwisha kutoa, na huenda kingine kinakuja. "Last" yaweza kuwa hicho hicho kipya, lakini pia yaweza kuwa cha mwisho kabisa, kwa hiyo ukimwandikia mwandishi aliye hai, chagua "latest".